Sindano ya Kuzuia Kutapika na Safari ya Kurejea Pemba

Wagonjwa wa saratani kutoka Pemba huvuka bahari kwenda kutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Anayetapika njiani akirejea huweza kudhani kuwa sindano aliyochomwa haikufanya kazi. Ni vyema kufahamu sindano hiyo huzuia nini.

Dawa nyingi za saratani huchochea seli za utumbo kutoa kemikali iitwayo serotonini, ambayo huamsha ishara ya kutapika iendayo kwenye ubongo. Ondansetroni huizuia ishara hiyo. Ndiyo maana hutolewa kabla ya tiba, si baada ya mgonjwa kutapika. Hutumika pia katika upasuaji: kwa mtu mzima, kwa kawaida miligramu 4, zikiingizwa mshipani taratibu.

Kigegezi cha bahari, hata hivyo, huanzia kwenye sikio la ndani, na ondansetroni haikizuii ipasavyo. Tena, baadhi ya dawa, kama sisplatini, husababisha kutapika hata baada ya saa 24, mgonjwa akiwa ameshafika kwao Wete au Mkoani. Hapo vidonge vya deksamethasoni, kwa agizo la daktari, husaidia zaidi.

Mhudumu wa afya, kabla ya sindano muulize mgonjwa kuhusu maradhi ya moyo, kwani ondansetroni huweza kuvuruga mapigo yake. Wala asiondoke bila dawa na maelezo ya siku zinazofuata. Nawe mgonjwa, ukitapika hata maji unayokunywa, fika hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.