Mtoto Akilegea Mguu Ghafla, Usingoje

Ikiwa mtoto wako alilala na homa, kisha asubuhi akashindwa kusimama, usiseme ameteguka wala usimpeleke kukandwa. Huenda ni polio.

Virusi vya polio huingia mdomoni kwa maji, chakula au mikono yenye uchafu wa choo. Kati ya watu 200 wanaoambukizwa, 1 hivi hupooza maisha. Wengi hawaonyeshi dalili yoyote, lakini huwaambukiza wengine.

Wakazi wa Garissa wanaujua ugonjwa huu. Mwaka 2006, baada ya Kenya kukaa miaka 22 bila polio, mgonjwa alipatikana katika kambi za Dadaab. Mwaka 2013 ulizuka tena huko, na watu 14 wakaugua nchini. Mwaka 2023 virusi vilipatikana Hagadera. Nawe wa Nairobi usijione uko mbali: mwaka 2018 vilipatikana katika maji taka ya Eastleigh.

Utautambuaje? Huanza kwa homa, kichwa kuuma, kutapika na shingo kukakamaa. Kisha kiungo hulegea ghafla, mara nyingi mguu mmoja kuliko mwingine. Ukimfinya mtoto, bado huhisi. Akipumua au kumeza kwa shida, maisha yake yamo hatarini.

Yapo maradhi mengine ya neva yanayolegeza viungo, kwa hivyo macho ya daktari pekee hayatoshi. Choo cha mtoto huchukuliwa mara mbili, kwa muda wa saa 24 au zaidi kati yake, kabla ya siku 14 kupita tangu alegee. Huwekwa kwenye baridi na kupelekwa maabara ya KEMRI, Nairobi. Ukichelewa, virusi huenda visionekane.

Dawa ya kuua virusi hivi haipo. Mgonjwa hupumzishwa, hutulizwa maumivu, na akishindwa kupumua husaidiwa kwa mashine. Baadaye hufanyishwa mazoezi ya viungo, na wengine huvalishwa vyuma vya miguu. Jihadhari na sindano zisizo za lazima wakati wa homa hiyo. Zaweza kuzidisha kupooza.

Kinga ni matone ya mdomoni mtoto anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14, pamoja na sindano katika wiki ya 14. Kitazame leo kijitabu cha kliniki cha mwanao, na cha mtoto wa mgeni wako pia. Aliyekosa dozi bado hajachelewa, mpeleke kliniki.