«LEARNED» AU «LEARNT»: NANI AMEKOSA?



Siku moja darasani kwetu pointi moja ilileta maneno mengi. Ndugu mmoja aliandika «learnt» katika interogasio ya Kiingereza. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaandika juu yake «learned». Ndugu yetu akabaki na 9 kwa 20. Ile pointi moja tu ingemfikisha kwa nusu! Akasimama: «Bwana Mwalimu, kule Uganda tulifundishwa learnt.» Wengine wakacheka. Mwalimu hakukasirika. Alisema kamusi iletwe, na ndani yake tukakuta yote mawili. Ndugu yetu akapata 10.

Juu ya hiyo sisi wa kamati ya gazeti tumeona vema kueleza neno hili.

Vitenzi vingi vya Kiingereza, vikiingia wakati uliopita, hupata «-ed» mwishoni. Vingine hugeuka ndani, sawa «sing» na «sang». Kingine kimeazima kabisa: «went» ilikuwa ya kitenzi «wend», ikachukuliwa na «go». Zamani vya kugeuka vilikuwa vingi zaidi. Mwaka 2007 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard walifuata vitenzi 177 vya namna hiyo vya Kiingereza cha kale, wakaona ni 98 tu vinavyogeuka hata leo. Sababu yake ni nini? Neno linalosemwa kila siku halisahauliki. Lisiloseemwa sana, watoto hawajui tena mgeuko wake, wanalitia «-ed» tu.

Fungueni Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611. Mtakuta «spake», «brake» na «holpen». Leo tunaandika «spoke», «broke» na «helped». Waliotafsiri hawakukosa, lugha ndiyo iliyotembea.

Na ilitembea kwa njia mbili. Waingereza hupenda «learnt», «burnt», «dreamt», «spelt», ingawa «learned» pia wanaikubali. Wamarekani huandika «learned», «burned», «dreamed», «spelled». Kwa «get», Mwingereza asema «have got», Mmarekani mara nyingi «have gotten». Msidhani «gotten» ni neno lililoharibika juzi: ni la zamani, Waingereza wakaliacha, Wamarekani wakalishika. Lakini kwa «dive» ni kinyume: «dived» ndiyo ya zamani, na «dove» ya Marekani ndiyo mpya.

Hapa kwetu njia hizo mbili zinakutana. Upande mmoja ni Uganda, ambako shule hufuata Kiingereza cha Uingereza. Ni njia ya zamani. Apolo Kivebulaya aliipita kuja Boga mwaka 1896. Upande mwingine ni wamisionari wa Africa Inland Mission, walioingia Kongo mwaka 1912, na wengi wao walitoka Marekani. Basi si ajabu kaye mbili za darasa moja zisipatane.

Hata katika Kiswahili, mmoja asema «alienda», mwingine «alikwenda». Nani amekosa? Hakuna.

Lakini tuangalie! Kesho yake watu walijipanga mbele ya meza ya mwalimu na kaye zao. Mmoja alileta «teached», mwingine «goed», wakidai pointi. Hapana, ndugu! Hizo si za Uingereza wala za Marekani. Ni «taught» na «went», pande zote mbili. Tena kuna maneno mawili yanayogawana kazi: picha ukutani ni «hung», lakini mtu aliyenyongwa, au aliyejinyonga kama Yuda, ni «hanged».

Basi tufanye hivi. Kwanza, tukiona neno tusilolizoea, tuulize kamusi kabla ya kucheka. Pili, katika karatasi moja tushike njia moja: ukianza na «learnt», usimalize na «dreamed». Tatu, siku ya Examen d'Etat hakuna wa kumwelezea ulikosoma. Tujue njia zote mbili, tusishtuke tukiikuta moja au nyingine.

Na kwa ndugu yetu wa 10 kwa 20: hongera, lakini interogasio ijayo usitegemee kamusi tu!

Kamati ya Gazeti