Sura ya Tano: Mbwa Anapobalehe

Mama mmoja wa Tegeta aliniita nikamwone Simba, mbwa wake wa miezi tisa. Nilipoingia getini alinionyesha ndala tatu zilizobaki mguu mmoja mmoja, kona ya kochi iliyotafunwa mpaka sponji limetokeza, na shimo chini ya mpapai linalofika magotini. “Alikuwa anasikia huyu, kaka,” aliniambia. “Nikimwita tu, huyo! Siku hizi namwita, ananiangalia hivi, kisha anaenda zake. Sijui nimpe nani.”

Simba mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba kwenye mnyororo wa mita mbili, siku ya nane. Ardhi aliyoweza kuifikia ilikwanguliwa duara, haina hata jani.

Malalamiko hayo nimeyasikia nyumba nyingi, na karibu kila mara umri ni uleule. Mbwa wengi huanza kubalehe kati ya miezi sita na tisa. Aina kubwa kama German Shepherd hukawia kidogo, na huenda wasitulie mpaka wafikishe miaka miwili. Katikati hapo mwili umeshakuwa wa mbwa mzima, nasi tunamdai akili ambayo bado hajaipata.

Mwaka 2020, watafiti wakiongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha uchunguzi wao juu ya mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuwaongoza wasioona. Amri ilikuwa moja tu: kaa. Wakiwa na miezi minane, mbwa hao walikuwa wazito kumtii mlezi wao kuliko walipokuwa na miezi mitano. Mtu mgeni alipotoa amri hiyohiyo, ukaidi huo haukuonekana. Maana yake amri hawakuisahau. Waliokuwa na wasiwasi zaidi juu ya mlezi wao ndio waliomsumbua zaidi, na hali hiyo ilikuwa ya kupita. Kwa hiyo huu ndio wakati mbaya kuliko wote wa kumvunja mbwa imani.

Nasi hapo ndipo tunapomfunga. Shemeji wa yule mama alimshauri kwamba mbwa akifungwa mchana, usiku huwa mkali. Imani hiyo imeenea sana, na imeharibu mbwa wengi wazuri. Mbwa wa mnyororoni hubwekea paka, bodaboda na upepo, mpaka wenye nyumba wanaacha kuamka kuangalia kuna nini. Huo si ulinzi. Mfungue, kisha umtoe kwa kamba nusu saa alfajiri na nusu saa jioni, umwache anuse njia nzima. Kunusa kunamchosha na kumtuliza.

Kwenye kutafuna, ficha viatu na umpe kitu chake cha kutafuna. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa tumbo.

Kuitwa ndiko kunakotaka subira. Nilimuuliza yule mama, Simba akija baada ya kuitwa hufanywa nini? Akanyamaza kidogo. “Nampiga, kwa kuwa amechelewa.” Mbwa hapigi hesabu ya kuchelewa. Anachojua ni kwamba amekuja, na alipofika akachapwa. Tulimfunga kamba ya mita kumi, tukamwacha azurure uani. Mama akamwita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, akajikunyata chini. Simba alisimama, sikio moja likageuka. Alipopiga hatua ya kwanza alisifiwa, na alipofika alikuta kipande cha ini kikubwa kama ukucha. Kisha akaachiwa arudi kwenye shughuli zake, maana kuja kusiwe mwisho wa raha.

Kurukia wageni ni jambo zito kwetu kuliko vitabu vya Ulaya vinavyodhani. Jirani Mwislamu anayepita na kanzu yake kuelekea msikitini akiguswa na mate ya mbwa atalazimika kurudi kujitoharisha. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani, ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mbwa afungwe kamba kabla geti halijafunguliwa. Watu wa ndani nao, akiwarukia, wampe mgongo kimya. Wamsalimie miguu yote minne ikiwa chini. Watoto na dada wa kazi wafuate sheria hiyohiyo, vinginevyo ni kazi bure.

Akianza kukuungurumia, usimpige. Muungurumo ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kutoonya huuma kimyakimya. Mwachie nafasi, na hali ikijirudia mwite daktari wa mifugo amkague, kwani maumivu humfanya mbwa mkali. Kuhasi nako ni la kuzungumza naye. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala: hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, na hurudiwa kama daktari atakavyopanga. Akimuuma mtu, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, mkimbilie hospitali siku hiyohiyo.

Kama mbwa wako ana miezi minane au kumi, na umeshaanza kumtafutia mtu wa kumchukua, nakuomba usubiri. Mpe mwaka mmoja wa kamba ndefu, matembezi na sauti ya upole, kisha ndipo uamue.