Usinunue Stika, Uliza Wati

Kwenye meza ya duka la kompyuta Kariakoo si ajabu kukuta laptopu mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, zote zina stika ya Core i7, zote za kizazi cha 13, zote RAM gigabaiti 16. Moja nyembamba kama daftari kubwa. Nyingine nene, ina matundu ya hewa nyuma na pembeni, na chaja yake ukiishika ni tofali. Mteja anauliza bei, anaipima ile nyembamba mkononi, anaona ni nafuu na haitamchosha bega, analipa. Mwezi haujaisha amerudi: video ya harusi aliyoihariri inachukua nusu siku kutoka, na feni haitulii.

Muuzaji hakumdanganya. i7 kweli kauziwa. Ila ndani ya ile nyembamba mna Core i7-1355U yenye viini 10, yaani sehemu 10 zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na kati ya hivyo ni viwili tu vya nguvu. Vinane vilivyobaki ni vya kubana matumizi ya umeme. Imepangiwa wati 15. Ndani ya ile nene mna Core i7-13700HX: viini 16, vinane vya nguvu, wati 55 za kawaida, na ruhusa ya kupanda hadi 157 kwa muda mfupi. Kwenye karatasi zote mbili zinafika gigahezi 5. Tofauti ni kwamba moja inaweza kuishikilia kasi kubwa kazi ikiendelea, na nyingine inaigusa na kuiacha.

Kwa hiyo herufi za mwisho wa jina ndizo za kusoma kwanza, kabla ya i5, i7 au i9 za Intel. U ni ya safari, barua pepe na betri ndefu. H na HS ni za kazi nzito ya kati, kwa kawaida kati ya wati 35 na 54. HX ni prosesa ya kompyuta ya mezani iliyobanwa ikaingia kwenye laptopu, pamoja na njaa yake yote ya umeme.

Kwa prosesa za AMD mtego ni mkubwa zaidi, na unawanasa wengi. Ryzen 9 7945HX ina viini 16. Ryzen 9 7940HS ina viini 8. Zote zinaitwa Ryzen 9, zote za 2023, na tarakimu inayotofautiana ni moja tu. Tena katika mfululizo huo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja umri wa usanifu wenyewe: Ryzen 7 7730U ilitoka 2023 ikiwa na usanifu wa Zen 3, ambao AMD iliuzindua 2020. Mtu anayelipia bei ya kitu kipya ana haki ya kujua kwamba ndani mna kitu cha miaka mitatu nyuma, na jina la namna hiyo linamficha. Hilo si jambo dogo kwa mtu aliyeweka akiba mwaka mzima.

Sasa tuchukue anayetaka kilele kabisa. Januari 2023 Intel na AMD zilitangaza wababe wao karibu siku zilezile. Intel ilileta Core i9-13980HX: viini 24, vinane vya nguvu na 16 vidogo, kasi hadi gigahezi 5.6. AMD ikaleta 7945HX, viini 16 vyote vya aina moja, vilivyotengenezwa na TSMC kwa teknolojia ya nanometa 5. Kila moja inashughulikia nyuzi 32 za kazi kwa mkupuo. Kwa kurenda picha saa tatu mfululizo, AMD ndiyo chaguo bora, kwa sababu inafanya kiasi kilekile cha kazi kwa wati chache, na kwenye laptopu wati chache maana yake joto kidogo na kasi isiyoshuka. Lakini prosesa hiyo imeundwa kwa vipande kadhaa vilivyounganishwa, na vipande hivyo hunywa umeme hata laptopu ikiwa imetulia. Anayeandika ripoti kwenye basi la Dodoma ataona betri ikiyeyuka.

Mhariri wa video ana hesabu nyingine kabisa. Kamera kama Sony A7 IV hurekodi video za H.265 zenye rangi za 4:2:2 na biti 10, picha nzuri sana kwa kusahihisha rangi, lakini ngumu kuzifungua. Prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha 11, zina sehemu maalumu ndani ya grafiksi zake inayozifungua video hizo bila jasho. Ryzen za 2023 hazina, na kadi za NVIDIA hazikuwa nayo hadi mfululizo wa RTX 50 wa mwaka 2025. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na Ryzen 9 ya viini 16 na RTX 4060 juu yake, halafu video ikakatakata anapoiburuta mbele na nyuma kwenye programu ya Premiere, huku jirani mwenye Intel ya bei ya chini anapita kama maji. Hapo wingi wa viini hausaidii kitu.

Mchoraji majengo naye asibabaishwe na idadi. AutoCAD kwa sehemu kubwa hutegemea kiini kimoja chenye mbio, na Revit vilevile katika kazi nyingi za kila siku. Akifika kwenye kurenda, swali ni programu gani. Lumion inaegemea kadi ya grafiksi. Corona inatumia prosesa peke yake, na huko ndiko viini 16 au 24 vinalipa kila senti. Watu wawili wa ofisi moja, kazi moja, wanaweza kuhitaji mashine tofauti kwa sababu ya programu ya hatua ya mwisho.

Kwa gemu, fedha ziende kwanza kwenye kadi ya grafiksi, kisha prosesa. Na hata huko wati zinasema. RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 au wati 115 kwa jina lilelile. Prosesa inakuwa muhimu pale mchezo unapohitaji picha nyingi mno kwa sekunde, kama Counter-Strike 2, au unapokuwa na hesabu nyingi za dunia nzima, kama Microsoft Flight Simulator. AMD ililenga watu hao ilipotoa 7945HX3D mwaka 2023 kwenye ROG Strix Scar 17: viini vilevile 16, ila kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa ikaongezwa kutoka megabaiti 64 hadi 128, data ya mchezo isiende mbali kutafutwa.

Kuna jambo ambalo wapimaji wa Ulaya hawalioni. Dar es Salaam mwezi wa Februari joto la mchana hugusa nyuzi 32. Prosesa hizi za HX hujilinda zikifika nyuzi 100, kwa kupunguza kasi. Laptopu iliyosifiwa ikiwa kwenye chumba cha nyuzi 22, ikiletwa sebule isiyo na kiyoyozi, imepoteza nyuzi 10 za nafasi kabla haijafanya lolote. Ongeza vumbi la miezi sita kwenye feni. Kuisafisha na kuibadilishia pesti ya prosesa kwa fundi anayejua kazi kunaweza kurudisha kasi ambayo mwenye mashine alidhani imekufa kwa uzee.

Na umeme. Laptopu inayovuta wati 200 kwa saa tano imekula uniti moja ya LUKU. Ukikatika, betri haiwezi kuibeba hali hiyo: betri kubwa za laptopu huishia chini ya wati-saa 100, kwa sababu hicho ndicho kikomo ambacho abiria anaruhusiwa kupanda nacho ndege bila kuomba kibali. Mashine ya HX hujipunguzia nguvu mara tu chaja inapotoka. MacBook Pro za prosesa za Apple, tangu M1 Pro na M1 Max za Oktoba 2021, karibu hazitofautishi betri na chaja, na kwa mhariri wa video anayefanya kazi uwanjani hiyo ni faida ya kweli. Ila Revit na 3ds Max hazipo huko, na gemu ni chache.

Wasio na bajeti ya HX huelekea kwenye mitumba ya makampuni ya Ulaya: HP ZBook, Dell Precision, ThinkPad za P. Ni mashine imara. Hapo mstari ni kizazi cha 8 cha Intel. Core i7-7700HQ ya 2017 ina viini vinne. Core i7-8850H ya 2018 ina sita, na ndicho kizazi ambacho Windows 11 inaanza kukikubali. Tangu Windows 10 ikatiwe huduma Oktoba 2025, ile ya viini vinne inauzwa rahisi kwa sababu nzuri.

Dukani, mteja aombe laptopu ichomekwe kwenye chaja, iwekewe HWiNFO ya kuonyesha wati na Cinebench R23 ya kuibana prosesa, iachwe dakika 10 kamili. Dakika ya kwanza haina habari. Kila mashine hukimbia. Aangalie mstari wa wati dakika ya nane. Ikiwa ulianza 110 ukaishia 45, hiyo 45 ndiyo prosesa anayoinunua. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Yule mwenye video ya harusi hakuhitaji ile nene. Core i7-13700H ya wati 45, yenye viini sita vya nguvu, RTX 4060 iliyopewa wati 100 na zaidi, na RAM gigabaiti 32 katika vipande viwili, vingemmalizia kazi kabla ya chakula cha mchana, na chenji ikatosha SSD ya nje ya kuhifadhia harusi za watu.