Aplikesheni ya Moyo na Muuguzi wa Saa Nane Usiku

Wagonjwa 1,653 wa moyo kushindwa kufanya kazi, waliokuwa wametoka hospitali karibuni huko Marekani, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na kliniki kama kawaida. La pili lilipewa namba ya kupiga kila siku: mashine inapokea, inauliza kuhusu pumzi, uvimbe na uzito, mgonjwa anajibu kwa kubonyeza vitufe. Wahudumu waliyapitia majibu siku za kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Ndani ya miezi sita, asilimia 52.3 ya waliopewa namba walikuwa wamelazwa tena au wamefariki. Wa kliniki pekee, asilimia 51.5. Mashine haikuongeza kitu, na asilimia 14 ya waliopewa namba hawakuipiga hata mara moja.

Mwaka 2018 Wajerumani walitoa matokeo tofauti. Wagonjwa zaidi ya 1,500 walihusika. Nusu yao walikuwa wakipima uzito, shinikizo la damu na mapigo ya moyo nyumbani, vipimo vikienda moja kwa moja kwenye kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24. Uzito ukipanda ghafla, dalili kwamba maji yanajaa mwilini, mtu wa kituoni aliweza kumpigia mgonjwa na kumbadilishia dozi. Vifo vilikuwa takriban 8 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, dhidi ya 11 kwa wasiofuatiliwa hivyo. Wagonjwa wa tafiti hizi mbili hawakufanana kwa kila hali, kwa hiyo tusizilinganishe kama mizani ya duka. Hata hivyo, ninavyoona mimi, tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni binadamu aliye macho upande wa pili.

Jambo hili Kenya waliliona mapema, ingawa kwa ugonjwa mwingine. Katika kliniki tatu, wauguzi walikuwa wakiwatumia wanaoishi na VVU ujumbe mmoja kwa wiki: "Mambo?" Mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Akisema shida, au akinyamaza, anapigiwa. Waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa ujumbe. Hapakuwa na mahubiri ya kumkumbusha mtu ameze dawa. Ujumbe uliuliza hali, nao ukaingia hata kwenye kitochi kisicho na bando.

Wabunifu wengi wa aplikesheni za moyo bado wanaanzia kwenye michoro na rangi. Grafu nyekundu inamtia mgonjwa hofu bila kumwelekeza pa kwenda. Katika utafiti wa saa za Apple, uliochapishwa mwaka 2019, watu 2,161 kati ya zaidi ya 419,000 waliarifiwa kwamba mapigo yao hayaendi sawa. Kati ya waliojaza dodoso baada ya siku 90, asilimia 57 tu walisema walimwona au waliwasiliana na mhudumu wa afya nje ya utafiti. Na hao ni watu wenye saa ya bei kubwa mkononi!

Kwetu kikwazo huanza hata kabla ya nauli ya kwenda hospitali. Kifua kinabana, mtu anasema ni gesi au vidonda vya tumbo, ananunua dawa dukani, analala. Kwa mshtuko wa moyo, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa chache za mwanzo. Lakini aplikesheni ikiuliza tu "Je, una maumivu makali?" haisaidii sana, kwa sababu mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu yoyote. Afadhali kuulizwa kwa lugha ya nyumbani: kifua kinabana kama umefungwa kamba, jasho linakutoka bila joto, unakosa pumzi ukiwa umekaa? Akijibu ndiyo, maswali yakome hapohapo. Simu impe jina la hospitali ya karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo, na impigie mtu wa familia aliyeandikishwa mapema, maana usiku mwenye ufunguo wa gari au namba ya bodaboda mara nyingi si mgonjwa.

Kuandika programu ya namna hiyo hakuhitaji mabingwa. Bajeti inayokataliwa mara nyingi ni mshahara wa muuguzi wa kupokea simu saa nane usiku.