Mirathi ya Constantine

Nimekuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, na mafaili niliyoyashika zaidi ni ya mirathi. Ndiyo maana nikisoma habari za Constantine, kaisari wa kwanza wa Roma kuifuata imani ya Kikristo, macho yangu hayaendi kwenye vita vyake. Nataka kujua aliacha watoto wa mama wangapi, na kila mmoja aliahidiwa nini.

Baba yake, Constantius, alizaa mtoto mmoja na Helena, naye ndiye Constantine. Kisha akamwacha Helena, akaoa Theodora kutoka nyumba ya kaisari Maximian, wakapata watoto sita, watatu wa kiume. Constantine akapita njia ile ile. Alimzaa Crispus kwa Minervina, halafu mwaka 307 akamwoa Fausta, binti wa Maximian, aliyemzalia wana watatu: Constantine, Constantius na Constans. Majina yanachanganya, lakini ndivyo walivyopenda kuitana: jina la babu ndilo lililokuwa hati ya kiti.

Crispus ndiye anayeniuma. Mwaka 324, akiwa bado kijana, aliziongoza merikebu za baba yake katika mlango bahari wa Hellespont, akazivunja zile za Licinius, mpinzani wao. Hakuna mtoto aliyemtumikia mzee kuliko huyo. Mwaka 326 baba akaamuru auawe, naye akauawa mjini Pola, ambao leo ni Pula, nchini Kroatia. Mwaka huo huo Fausta naye akafa. Waandishi wa baadaye walisimulia kwamba alifungiwa katika chumba cha kuogea kilichopashwa moto kupita kiasi. Jina la Crispus likafutwa kwenye mawe lilikochongwa. Askofu Eusebius, aliyekuwa amemsifu katika historia yake ya Kanisa, alipokuja kuandika maisha ya Constantine hakumtaja hata mara moja.

Sasa mgawanyo wenyewe. Kufikia mwaka 335 Constantine alikuwa amewapa vyeo warithi watano: wanawe watatu wa Fausta, na wawili wa Dalmatius, ndugu yake wa baba mmoja. Mmoja wa hao wawili aliitwa Dalmatius kama baba yake. Mwingine, Hannibalianus, alipewa cheo cha mfalme upande wa Ponto, akaozwa Constantina, binti wa Constantine mwenyewe. Kila mmoja alipata eneo lake. Ila mzee hakusema nani angekuwa juu ya mwenzake, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko yote. Sehemu bila mkubwa wa kuzisimamia haziwi urithi.

Akafa tarehe 22 Mei 337 karibu na Nicomedia. Kuanzia siku hiyo hadi tarehe 9 Septemba Roma haikuwa na Augustus, yaani kaisari mkuu, aliye hai. Amri ziliendelea kutolewa kwa jina la marehemu. Katika miezi hiyo askari mjini Constantinople waliwaua karibu wanaume wote wa upande wa Theodora. Dalmatius alikufa, Hannibalianus alikufa. Alikufa pia Julius Constantius, baba mdogo wa Constantius mwana wa Constantine, ambaye vilevile alikuwa mkwewe, kwa kuwa Constantius alikuwa amemwoa binti yake. Walionusurika katika nyumba ya Julius Constantius ni wavulana wawili: Gallus, aliyekuwa mgonjwa kiasi cha kudhaniwa atakufa mwenyewe, na Julian, mtoto wa miaka sita hivi. Julian alipokua aliwaandikia barua watu wa Athens akimtaja Constantius waziwazi kuwa ndiye mwenye damu hiyo.

Wale wana watatu wa Fausta walikaa kikao huko Pannonia, wakagawana upya, na hawakupatana. Constantine mdogo alimvamia Constans akauawa karibu na Aquileia mwaka 340. Constans mwenyewe aliasiwa na jemadari wake Magnentius mwaka 350, akakimbia, akauawa chini ya milima ya Pyrenees, katika mji ulioitwa Helena kwa heshima ya bibi yake.

Akabaki Constantius, bila mtoto. Ni yeye aliyewaandikia watawala wa Aksum, Ezana na Sazana, kuhusu askofu Frumentius, akiwaita ndugu. Ndugu wa damu walikuwa wamekwisha. Akalazimika kumwita Gallus, yule mgonjwa, akampa madaraka mashariki na kumwoza Constantina, mjane wa Hannibalianus. Mwaka 354 akaamuru Gallus akatwe kichwa, naye alikatwa karibu na Pola, mji ule ule wa Crispus. Kisha akamwita Julian, akampa dada yake Helena kuwa mke. Julian alitangazwa Augustus na askari mjini Paris mwaka 360. Constantius akaondoka kwenda kupigana naye, akafa njiani huko Kilikia Novemba 361. Julian akarithi kila kitu, akafa vitani Uajemi Juni 363, bila mtoto.

Constantius alipokata roho, mkewe Faustina alikuwa mjamzito. Alizaliwa msichana, akaitwa Constantia. Mwaka 365 Procopius, jamaa wa Julian, aliasi, naye alimbeba mtoto huyo mbele ya askari wake ili waione damu ya Constantine na kumpigania. Procopius alishindwa na kuuawa mwaka uliofuata. Mwaka 374, akiwa na miaka kama 12, Constantia akaozwa Gratian, mwana wa kaisari Valentinian, kwa sababu ile ile: ukoo mpya ulihitaji jina la zamani. Alifariki kabla ya kufikisha miaka 25, na hakuacha wa kurithi kiti.