Darubini ya bunduki: yenye kuvuta sana si lazima iwe nzuri

Mwindaji mwenye kibali anapochagua darubini ya kufunga juu ya bunduki, anauliza kwanza: inavuta mara ngapi? Kumbe swali la kwanza ni hili: atawinda wapi?

Tuseme imeandikwa 3-9x40. Maana yake inaleta kitu karibu kuanzia mara 3 mpaka mara 9, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 40. Ikivuta sana, eneo linaloonekana linapungua, mwanga pia, na kila mtikisiko wa mkono unaonekana. Ndani ya pori zito, nyama anatokea karibu: mara 2 au 3 inatosha. Mara 9 ni ya uwanda wazi.

Vyuma vinavyoishika vikilegea, hata ile ya bei kali inapoteza shabaha.

Lakini kubwa ni hili: darubini ya bunduki si ya kutafutia. Kuangalia nayo majani yanayotikisika ni kuyaelekezea mdomo wa bunduki, na pengine ni mama anayeokota kuni. Kwa kutafuta kuna jumele ya shingoni. Bunduki inainuliwa tu kisha kujua ni nyama gani, kama sheria inaruhusu kumuwinda, na nyuma yake kuna nini.